Mazutu Kwanza, Rangi Baadaye

Tamasha la saa mbili usiku mjini Bukavu huanza saa nne asubuhi, mtu mmoja anapouliza swali lisilohusu muziki hata kidogo: mazutu, dizeli ya jenereta, yamenunuliwa lita ngapi? Anayeuliza hajui bado mwimbaji atafungua na wimbo gani, wala hilo halimsumbui. Anataka kujua ukubwa wa jenereta, umri wake, nani ana ufunguo, na kama dumu la akiba limekuja au limeachwa mtaani Nyawera kwa ahadi kwamba litafuata. Huyo ndiye msimamizi wa ufundi wa taa. Kwenye mabango ya mjini sura yake haipo, na kwenye bajeti ya mwandaaji malipo yake mara nyingi huandikwa chini kabisa, baada ya maji ya chupa.

Mtazamaji akisikia habari ya taa za jukwaani hufikiria rangi: bluu ikipanda taratibu, nyekundu ikipasuka pamoja na ngoma, miale ikikata moshi juu ya vichwa vya watu. Kwa anayesimamia kazi hiyo, rangi huja mwisho. Kabla yake kuna umeme, uzito, upepo, nyaya, na uwezo wa kumwambia mtu aliyekulipa kwamba jambo analolitaka halifanyiki. Wapo wanaojifunza hayo vyuoni Ulaya kwa miaka mitatu. Bukavu inayafundisha bila chuo, na kwa ukali zaidi, kwa sababu ya mto wake.

Ruzizi hutoka Ziwa Kivu papo hapo mjini, mpakani na Rwanda. Wabelgiji walijenga bwawa la Ruzizi I mwishoni mwa miaka ya 1950, miaka michache baada ya mji kuacha jina la Costermansville. Uwezo wake ni megawati 30 hivi. Mwaka 1989 ikafuata Ruzizi II, megawati 44 hivi, mali ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi chini ya kampuni ya SINELAC. Ruzizi III, inayokusudiwa kufikia megawati 206 kwa ajili ya nchi hizohizo tatu, imekuwa ikizungumzwa tangu vijana wengi wa mji huu hawajazaliwa. Kwa hiyo Bukavu imekaa juu kabisa ya chanzo cha umeme wake, na bado delestaji, yaani kukatwa kwa umeme kwa zamu, ni jambo ambalo kila mama wa nyumbani hulipanga kwenye siku yake sawa na kwenda sokoni.

Tena kuna chupa. Mvua ikinyesha, takataka za plastiki huporomoka kutoka kwenye vilima vya Kadutu na kwingineko hadi ziwani, mkondo ukazisukuma hadi mdomo wa Ruzizi, zikaziba njia ya maji kwenye mitambo. Mara kadhaa katika miaka ya karibuni zimelazimika kuzolewa kwa mikono ili mji uwake tena. Msimamizi wa taa hana mamlaka juu ya jambo hilo, ila analijua, na ndiyo maana hata watu wa SNEL, shirika la umeme, wakimhakikishia kwamba Jumamosi umeme utakuwapo, huitikia kwa heshima kisha akatafuta jenereta.

Sababu yake ni ya kiufundi, na inafaa kuelezwa. Taa nyingi kubwa zinazogeuka zenyewe, zile zinazorusha mwale mwembamba wenye nguvu, zina balbu ya gesi. Balbu hiyo ikikatikiwa umeme, haikubali kuwaka papo hapo. Lazima ipoe kwanza, na kupoa huko huchukua dakika kadhaa. Umeme ukikatika kwa sekunde 2, nyumbani friji inashtuka kidogo na maisha yanaendelea. Jukwaani ni dakika nzima nzima za giza, msanii amesimama katikati ya ubeti, na watu elfu wakianza kupiga miluzi. Meza ya kuendeshea taa nayo ni kompyuta, hujizima na kuanza upya kwa raha zake. Fundi aliyewahi kupitia usiku wa namna hiyo haunganishi tena mitambo yake na laini ya mji. Jenereta huwashwa kabla ya mlango kufunguliwa na huzimwa mtu wa mwisho akishatoka.

Vijana wapya huliona hilo kama ubadhirifu. Katikati ya onyesho kijana wa nyaya anakuja mbio: "Yaya, kuran imerudi!" Umeme wa mji umerudi, na anatarajia kusifiwa. Anaambiwa aache kwanza, arudi mahali pake, na mazutu yaendelee kuungua.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi, lakini haina huruma. Kwa miaka mingi taa ya kawaida ya matamasha duniani ilikuwa PAR 64, kopo la bati lenye balbu ya wati 1,000. Ukitundika 60, unahitaji kilowati 60, yaani ampea 270 na ushei kwenye volti 220, na hapo spika hata moja haijawashwa. Ni joto la kuokea mkate. Jenereta iliyoandikwa kVA 60 haitoshi, kwa kuwa kVA 60 ni kilowati 48 hivi, na hakuna mwenye akili anayeiendesha hadi ukingoni. Zaidi ya hayo, Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na turbo hupoteza huku asilimia kumi ya nguvu zake au zaidi. Namba iliyobandikwa ubavuni mwa jenereta iliandikwa na mtu aliyekuwa bondeni.

Taa za LED zimebadilisha maisha. Sitini za wati 150 zinakula kilowati 9 tu. Ongeza taa 24 zinazogeuka, kila moja ikivuta wati 350 hivi, bado hujafikia kilowati 18. Jenereta ya kVA 60 inalibeba hilo pamoja na sauti, ikinywa lita 10 hadi 12 za mazutu kwa saa. Ndiyo maana katika mji kama huu mapinduzi ya LED yalipokelewa na wahasibu kabla ya wasanii. Kinachobaki ni kuugawa mzigo sawasawa kwenye fezi tatu, kazi ambayo wengi huidharau. Fundi mvivu huchomeka kila kitu kwenye fezi iliyo karibu na mguu wake, kisha anashangaa kwa nini meza ya sauti inanguruma kila taa zinapowaka.

Mtu anaifikiaje kazi hii? Hakuna mlango mmoja. Shule za ufundi kama ITFM, Institut Technique Fundi Maendeleo, zimewatoa vijana wanaoelewa fezi na waya wa ardhini, nao wana bahati, kwa maana wengine hujifunza hayo kwa kupigwa shoti. Wengi huanzia kanisani. Makanisa ya uamsho ya Bukavu yana kwaya, yana vinanda vya umeme, yana spika, na siku hizi yana taa za rangi na kamera ya kurusha ibada kwenye intaneti. Yanahitaji kijana wa kuviangalia vyote hivyo Jumapili asubuhi bila malipo. Kijana huyo anakunja nyaya miezi mingi kabla ya kuruhusiwa kugusa kitufe. Baadaye mtu anamwona, anamwita kwenye harusi. Kutoka harusini anaitwa kwenye ukumbi wa shule, kisha kwenye onyesho la msanii kutoka Goma au Kinshasa, na siku moja anajikuta yeye ndiye anayeulizwa.

Kukunja nyaya si adhabu. Aliyezikunja anajua ni ngapi, zina urefu gani, ipi ina jeraha. Anajua pia tofauti ambayo macho hayaioni. Taa za kisasa hupewa amri kwa lugha iitwayo DMX512, iliyowekwa na mafundi wa maonyesho wa Marekani mwaka 1986 na inayotumika hadi leo dunia nzima. Njia moja ya DMX ina nafasi 512. Taa inayogeuka inayohitaji nafasi 16 itakupa vichwa 32 kwenye njia moja, basi. Amri hizo hupita kwenye waya unaofanana kabisa na waya wa maikrofoni, na hapo ndipo mtego ulipo, maana waya wa maikrofoni haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Utafanya kazi mchana wakati wa majaribio, na usiku taa ya mwisho kwenye mstari itaanza kutetemeka na kugeuka ovyo. Watu watasema ni pepo. Dawa ni waya unaostahili, na kizuizi kidogo cha omu 120 kinachochomekwa kwenye taa ya mwisho, kitu cha bei ya soda. Nimeona mijadala mirefu mno juu ya chapa ya taa kati ya watu wasio na kizuizi hicho hata kimoja mfukoni.

Mitambo yenyewe husafiri sana kabla ya kufika. Kati ya Kinshasa na Bukavu kuna kilomita 1,500 hivi na hakuna barabara ya kutegemewa, kwa hiyo mji mkuu wa nchi, wenye wanamuziki wake wote na vifaa vyao, uko mbali kuliko Kampala au Dar es Salaam. Taa zilizotengenezwa Guangzhou hushuka Mombasa au Dar, hupanda malori, huvuka Rwanda na kuingia Bukavu kwa daraja la Ruzizi. Nyingi ni nakala. Mwaka 2010 kampuni ya Clay Paky ya Italia ilitoa Sharpy, taa ndogo ya wati 189 yenye mwale mkali ajabu. Muda si mrefu viwanda vya China vikajaza soko la Afrika kwa vifananisho vyake. Wapo wanaovicheka. Mimi sivicheki, kwa sababu bila hivyo nusu ya matamasha ya ukanda huu yangemulikwa kwa balbu za kuningʼinia. Ila msimamizi wa ufundi lazima ajue kwamba namba za kwenye boksi la nakala ni matumaini tu, apime mwenyewe kwa kifaa.

Mtu ambaye maisha yake yanaeleza kazi hii vizuri kuliko yeyote nimjuaye si Mkongo, ingawa njia yake ilipita Kongo. Jina lake ni Edward Monck, maarufu kama Chip, aliyezaliwa Massachusetts mwaka 1939. Mwaka 1959 alianza kushughulikia taa katika klabu ya Village Gate, New York. Alikuwa akiishi chini ya jengo hilohilo, na inasimuliwa kwamba Bob Dylan kijana alikuwa akishuka kwake kutumia mashine yake ya kuchapia. Kutoka klabuni alikwenda kwenye matamasha ya Newport, kisha Monterey mwaka 1967. Kilichompa jina duniani ni Woodstock, Agosti 1969, na kisa chake huko ni cha ajabu kwa fundi wa taa: taa nyingi alizokodi hazikuwaka.

Paa la jukwaa lilikuwa halijakamilika, na halikuwa na uwezo wa kubeba uzito ule. Watu walikuwa tayari wanamiminika shambani, mamia ya maelfu. Angeweza kujaribu bahati yake. Badala yake mitambo ikabaki chini ya jukwaa kwa siku zote, na wasanii wakamulikwa kwa taa za kufuata zilizosimama juu ya minara. Filamu ya tamasha lile iliyotazamwa dunia nzima ilipigwa kwa mwanga wa mtu aliyekataa kutundika taa zake. Asubuhi ya siku ya kwanza akaongezewa kazi nyingine, kuwa sauti ya jukwaa, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyekodiwa kuifanya. Akatangaza waliopotezana na dawa za wagonjwa, na umati uliokuwa unaweza kufanya lolote ukamsikiliza.

Miezi minne baadaye, tarehe 6 Desemba 1969, akawa upande wa pili wa hesabu. Jukwaa la Rolling Stones lilikuwa limeandaliwa kwa uwanja wa Sears Point, California, ambako lingekaa juu ya mwinuko, na kwa sababu hiyo halikuhitaji urefu zaidi ya mita 1. Zikiwa zimebaki siku mbili tu au pungufu, onyesho likahamishiwa Altamont, mahali penye mteremko ambapo jukwaa lilikaa chini na watu wote wakawa juu wakilielemea. Jukwaa likabaki lilelile. Wapanda pikipiki wa Hells Angels wakapewa kazi ya kulilinda, kijana Meredith Hunter akachomwa kisu mbele yake akafa, na Monck mwenyewe akavunjwa meno kwa fimbo ya biliadi. Waliosimulia Altamont wamezungumza sana juu ya mwisho wa ndoto za vijana wa miaka ile. Fundi akiisoma habari hiyo anaona zaidi kipimo cha mita 1 kilichokuwa sahihi mahali pamoja na cha hatari mahali pengine, na saa ambazo hazikutosha kukibadilisha.

Orodha ya kazi zake inaendelea: tamasha la George Harrison kwa ajili ya Bangladesh mwaka 1971, ziara za Rolling Stones, jina lake kupendekezwa kwa tuzo ya Tony ya mwaka 1975 kwa taa za The Rocky Horror Show. Na mwaka 1974, Kinshasa. Alihusika na pambano la Muhammad Ali na George Foreman, lile ambalo Zaire ya Mobutu ililipia ili dunia iitazame. Tamasha la kusindikiza pambano hilo, Zaire 74, kati ya tarehe 22 na 24 Septemba, lililoandaliwa na Hugh Masekela na Stewart Levine, liliwaweka James Brown, B.B. King, Celia Cruz na Miriam Makeba kwenye uwanja mmoja na Franco, Tabu Ley na Abeti. Pambano lenyewe lilisogezwa hadi tarehe 30 Oktoba baada ya Foreman kuchanika juu ya jicho, na likapiganwa alfajiri ili Marekani iangalie jioni au usiku. Ukilifikiria kifundi, ni kazi ya kutisha: uwanja wa wazi, mwanzo wa majira ya mvua, mwanga wa kuzitosheleza kamera za televisheni za rangi saa kumi alfajiri, na vifaa vingi vilivyosafirishwa kwa ndege kuvuka bahari. Wasanii wa Kongo walipanda jukwaa hilo wakiwa sawa na mtu yeyote duniani. Upande wa nyuma, kwenye nyaya na meza za mitambo, usawa huo ulikuwa bado, na nusu karne baadaye haujakamilika.

Baadaye Monck alihamia Australia. Kati ya klabu ya chini ya ardhi na sherehe za viwanjani, taa zenyewe ziligeuka kabisa: mwaka 1981 bendi ya Genesis ilizindua ziara Barcelona ikiwa na taa za Vari-Lite zinazojigeuza na kubadili rangi bila mtu kuzigusa, na kazi ya mikono ikahamia kwenye vidole. Wengi wa rika lake waliachwa nyuma na mabadiliko hayo. Ujuzi wa kuuliza paa linabeba kilo ngapi haukuachwa.

Turudi ziwani, kwenye jambo linalowahusu watu wa Kivu kuliko Wamarekani. Mwaka 2016 watafiti waliotumia picha za setilaiti za miaka mingi walitoa orodha ya mahali panapopigwa radi zaidi duniani. Ya kwanza ilikuwa Ziwa Maracaibo, Venezuela. Ya pili duniani, na ya kwanza Afrika, ilikuwa Kabare, radi zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kabare ndiyo wilaya inayouzunguka mji wa Bukavu. Sasa chukua vyuma vya aluminiamu vya mita 8, visimamishe kwenye uwanja wa wazi mwezi Novemba, viunganishe kwa nyaya na jenereta, kisha mwite mtu ashike maikrofoni chini yake. Waya wa ardhini ambao mahali pengine ni sharti la kwenye karatasi, hapa ni fimbo ya shaba inayopigwa nyundo hadi ardhini kabla ya chochote kingine, na ardhi ikiwa kavu humwagiwa maji. Hata hivyo fimbo hiyo hailindi watu dhidi ya radi yenyewe. Kinachowalinda ni mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha onyesho ngurumo ikikaribia.

Upepo ni mwingine. Curtis Mayfield, mwimbaji mkubwa wa soul, alikuwa anapanda jukwaani Brooklyn tarehe 13 Agosti 1990 upepo ulipoangusha vyuma vya taa vikamwangukia. Alipooza kuanzia shingoni, akaishi hivyo hadi kifo chake mwaka 1999. Alirekodi albamu yake ya mwisho akiwa amelala chali. Miaka 21 baadaye, siku ileile ya Agosti, jukwaa la maonyesho ya jimbo la Indiana lilianguka kwa upepo wa dhoruba na watu 7 wakafa. Hizo ni nchi zenye wakaguzi, leseni na bima. Bukavu ina vilevile matetemeko. Lile la tarehe 3 Februari 2008, la kipimo cha 5.9, lilitikisa pande zote mbili za mpaka. Mtu anayetundika nusu tani juu ya vichwa vya watu mahali kama hapa anapaswa kufunga mnyororo wa pili wa usalama kwenye kila taa, na asimsikilize anayemwambia kwamba anachelewesha.

Baada ya haya yote ndipo uzuri unapopata nafasi. Mwanamuziki anayeutambulisha mji huu mbali zaidi ni Lokua Kanza, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1958, miaka ileile bwawa la kwanza la Ruzizi lilipokuwa linajengwa. Muziki wake ni gitaa, sauti na nafasi tupu. Ukiuwekea taa 24 zinazozunguka, umeuua. Unataka mwanga mmoja wa joto kutoka mbele pembeni, mwingine hafifu nyuma ya bega ili umbo lake litengane na giza, na mkono wa fundi utulie kwenye meza bila kugusa kitu kwa dakika nne. Kwa kijana aliyekulia kwenye ndombolo na sebene, ambako taa hukimbizana na gitaa la solo, kutulia huko ni mtihani mgumu kuliko programu yoyote.

Lipo pia suala la ngozi, ambalo vitabu vingi vya ufundi vimeliruka kwa kuwa viliandikwa kwa ajili ya nyuso nyeupe. Mwanga wa bluu au wa kijani ukipigwa moja kwa moja kwenye uso mweusi huuzima, macho na meno vikabaki peke yake. Kaharabu na waridi hafifu huufungua. Mwanga wa kutoka pembeni huleta mngʼao shavuni ambao ule wa mbele kabisa huufuta. Wapigapicha wa Kinshasa wanalijua hilo kwa mazoea. Na kwa vile siku hizi tamasha linaishi zaidi kwenye simu kuliko ukumbini, kuna kero mpya: LED za bei ya chini hupepesa kwa kasi ambayo jicho halioni lakini kamera inaiona, na video nzima inajaa mistari inayopanda na kushuka. Msanii anaamka asubuhi, anaitazama, anampigia simu fundi. Siku hizi hiyo ndiyo lawama ya kawaida kabisa katika kazi hii.

Sijasema neno juu ya vita, na haiwezekani kuandika habari ya burudani Kivu bila vita. Goma, ngʼambo ya ziwa, ilipanga Tamasha la Amani mwaka 2013, mapigano ya waasi wa M23 yakaliahirisha, likafanyika Februari 2014 na kuendelea kuwa moja ya shule bora za vitendo kwa vijana wa jukwaa wa ukanda huu. Tarehe 16 Februari 2025 M23, kundi ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema linasaidiwa na Rwanda na ambalo Kigali inakana kulisaidia, liliingia Bukavu. Mabenki yakafunga. Tarehe 27 mwezi huohuo milipuko iliua watu kwenye mkutano wa hadhara uliokuwa umeitishwa na wakuu wa kundi hilo katika Uwanja wa Uhuru. Katika mji ambako kukusanyika tu kumekuwa hatari, tasnia ya kuwakusanya watu usiku haina mengi ya kujivunia.

Na siku tano tu baada ya Bukavu kuchukuliwa, John Legend alitumbuiza Kigali katika BK Arena, ukumbi wa watu 10,000 uliofunguliwa 2019, kwenye mfululizo wa Move Afrika ulioanza na Kendrick Lamar Desemba 2023. Msanii Tems wa Nigeria alikuwa amefuta tamasha lake la Kigali kwa sababu ya vita. Legend alikwenda. Kuhusu nani alifanya sawa watu wamegombana vya kutosha. Ninachokiona ni kwamba kutoka Bukavu hadi ukumbi ule ni safari ya basi ya saa tano au sita kupitia msitu wa Nyungwe, na waandaaji wa Move Afrika wamesisitiza tangu mwanzo kuwaajiri mafundi wa huku. Fundi wa Kadutu ambaye ametengeneza mwanga kwa jenereta mbovu na nyaya za kuunga ana ujuzi unaotakiwa hasa kwenye kazi kama hizo. Ana pia jirani ambaye hatamsamehe akivuka kwenda kuutumia huko. Sina ushauri wa kumpa.

Mafundi wa mji walioona mengi wana desturi moja. Kabla ya kukubali kazi, hata ya harusi, huandika karatasi moja: jenereta ya kVA ngapi na mazutu lita ngapi, muda wa kufunga mitambo, nani analinda nyaya usiku, malipo ya kwanza lini. Chini kabisa kuna mstari unaosema kwamba msimamizi wa taa anaweza kusimamisha onyesho wakati wowote kwa sababu za usalama, bila kukatwa pesa. Waandaaji husoma haraka hadi kwenye bei. Baadhi hufika kwenye mstari ule wakacheka, wakauliza kwani yeye ni nani hata amsimamishe msanii. Asiyetaka kutia sahihi hapo hubaki na karatasi mkononi, na gari lenye taa halishuki kutoka Kadutu siku hiyo.